Mtu wa Sandukuni

Élisabethville, tarehe 9 Oktoba 1949

Kwa dada yangu Rabia binti Sefu, Kasongo

Yaya wangu mpendwa, dada yangu mkubwa,

Salamu nyingi zikufikie hapo nyumbani, wewe na wote wanaolala chini ya paa lako. Natumaini mgongo uliokusumbua tangu mvua zilizopita umepata nafuu, na kwamba kikohozi cha binti yako Zabibu kimekwisha. Mama mkubwa bado anagombana na kuku wa jirani? Mimi hapa ni mzima wa mwili. Ninakula, ninakwenda kazini, ninarudi. Ukiniuliza zaidi ya hapo nitaanza kusema uwongo kabla ukurasa haujajaa, na barua hii sikuikalia kitako ili nikudanganye tena.

Barua yako ilinifikia Jumatatu, imekunjwa ndani ya kofia ya yule mpishi wa masua, ile meli ya mtoni ya Bukama. Nimeisoma mara nne. Unasema mtu mmoja wa masua hiyo hiyo alisimama kwenye baraza ya msikiti akaeleza kwamba mume wako Yuma hakufa kwa kuangukiwa na sanduku kama nilivyokuandikia mwezi wa tano, bali alipigwa na watu katika soko la Kenya, mtaa wa hapa mjini, kwa sababu alikuwa mutumbula. Unasema tangu siku hiyo wazee wamekataa kusoma hitima uliyokuwa umeiandaa. Wanawake wanavuka njia wakikuona unakwenda mtoni. Na wale waliomchumbia Zabibu wametuma mtu kusema kwamba mtoto wao bado ni mdogo kuoa, mtoto mwenyewe ana ndevu. Wazee wamesema watakubali neno la mtu aliyekuwepo tu, aandike kwa mkono wake. Kisha ukaniuliza mimi: Abibu, wewe ulikuwa huko, mume wangu alikuwa anatumbua watu?

Hapana, yaya. Wasomee neno hilo kwanza. Yuma hakumgusa mtu, hakumwiba mtu, alichinja mbuzi kwa bismillahi na kuuza nyama. Kisha waambie wakae, maana hapana peke yake haitawatosha, na mimi sina haki ya kukupa neno moja fupi halafu nikakimbia.

Huko kwetu kutumbua ni kazi ya jikoni. Mama alipotutuma mtoni na kisu alisema tukawatumbue samaki, nasi tulipasua matumbo, tukatoa uchafu, basi. Hapa neno hilo hilo linawafanya watu washushe sauti. Wanasema kutumbula, na mutumbula ni mtu mweusi kama wewe na mimi anayewavizia wenzake njiani. Anawakamata, anawafungia mahali wasipoweza kupiga kelele, anawalisha mpaka wanenepe, halafu anawapasua na wazungu wanakula nyama. Wakati wa vita habari hizo zilizidi, maana wengi walichukuliwa kazini na jeshini wasirudi, wala barua haikuja. Mtu akipotea pasipo maelezo, ndugu zake watashika maelezo yoyote yatakayopita. Mimi nilikuwa nazicheka habari hizo. Nilizicheka sana, tena mbele za watu, kwa sauti ya mtu aliyesoma.

Kazi yangu unaijua nusu tu. Unajua nafundisha shule ya misheni, na unajua kwamba ili nipate kusoma nilibatizwa nikaitwa Godefroid, jambo ambalo baba hakulizungumza mpaka alipokufa. Ni miaka miwili sasa tangu Padri Mkurugenzi anipe darasa la sita niwafundishe somo la mwili, wa mnyama na wa mtu, kwa sababu baadhi ya wavulana wale wanatakiwa kwenda kuwa wasaidizi wa hospitali. Mwanzoni nilikuwa na kitabu kimoja chenye picha moja. Wanafunzi walikariri kwamba mapafu ni mawili na figo ni mbili kama wanavyokariri katekisimu, na sidhani kama yupo aliyejua kwamba nilikuwa nasema habari za vitu alivyokuja navyo darasani.

Yuma ndiye aliyeliokoa somo langu. Hakukuambia, najua, maana hakuwa mtu wa kujisifu. Wakati huo alikuwa amekwisha kupata kazi kwa mchinjaji mmoja wa soko la Kenya, na kila Alhamisi aliniletea matumbo ya mbuzi yamefungwa ndani ya majani ya mgomba. Siku ya kwanza Padri alimruhusu kuingia darasani mwenyewe. Alitia mtete kwenye koromeo la mbuzi akapuliza, na yale mapafu, yaliyokuwa yamelala kama kitambaa kilicholowa, yakainuka yakajaa meza. Wavulana wa mstari wa mbele waliruka nyuma. Kisha akawaonyesha nyongo, jinsi ya kuishika bila kuipasua, na ini, na bandama, na kile kiwambo kinachotenga kifua na tumbo, ambacho mimi mwenyewe nilikuwa nakijua kwa jina la Kifaransa tu. Mwanafunzi mmoja aliuliza roho iko wapi, maana hapa mjini wengi wanauita moyo roho. Yuma aliushika ule moyo wa mbuzi kwenye kiganja akamjibu, "Iyi ni roho ya kupiga. Ile ingine, kisu haijaiona." Padri alicheka mpaka akavua miwani. Tangu siku hiyo watoto wa darasa lile la kwanza walimwita Mwalimu wa Mbuzi, na haki yake, maana alifundisha kuliko mimi.

Lakini mimi nilimtambulisha kwao kama mchinjaji wa soko. Sikusema huyu ni shemeji yangu, mume wa dada yangu. Padri hapendi walimu wake wachanganyike na Bangwana. Ndivyo wanavyotuita hapa sisi watu wa msikiti kutoka Maniema, na wengi wanaongeza kwamba babu zetu waliuza watu. Jumapili nilikuwa naenda chumbani kwa Yuma kula wali wake, nikipita njia ya nyuma. Alijua kwa nini napita nyuma. Alinitania tu, akasema Godefroid amekwenda misa na Abibu amekuja kula. Basi unaona, yaya, nilikuwa nimeanza kumkana muda mrefu kabla mtu yeyote hajaniuliza.

Mwezi wa nne Padri alinipa habari iliyonikosesha usingizi kwa furaha. Ulaya walikuwa wametuletea mtu wa kufundishia. Alitengenezwa kwa karatasi iliyogandishwa na kupakwa rangi, kichwa na kifua na tumbo, bila mikono wala miguu. Nusu ya uso ina ngozi, nusu imechunwa. Kifua kinafunguka kama mlango wa kabati, na kila kiungo cha ndani kinatoka na kurudi mahali pake kwa kulabu ndogo. Alikuja kwa meli mpaka Lobito, na kutoka Lobito kwa treni. Shule nyingine yoyote ya watu weusi hapa mjini iliyokuwa na kitu kama hicho sikuijua, na nilitembea kifua mbele kama vile nimemzaa mimi.

Ijumaa nilisimama mbele ya darasa nikawaambia hivi, na maneno nayakumbuka yote: Kesho mtu wetu anafika na treni. Jumatatu tutamtumbua hapa mbele yenu, na kila mmoja atashika moyo wake na ini lake.

Usidhani neno lilinitoroka. Nililitumia kwa makusudi. Usiku wa kuamkia siku ile nilikuwa nimelitafakari: Kifaransa kina neno lake, lakini Kiswahili kina hili, neno zuri la mama zetu, na watu wa hapa wameliharibu kwa upuuzi wao. Nilijiambia kwamba mwalimu wa kweli atalisafisha na kulirudisha jikoni. Kwamba mtu mwenyewe ni wa karatasi sikuwaambia, kwa sababu nilitaka washangae Jumatatu. Niliona macho yao yakiganda. Wavulana thelathini na wawili, na hakuna hata mmoja aliyekohoa. Nilifurahi, yaya. Nilidhani ule ndio utulivu wa watoto wanaojifunza.

Jioni ile ile, jua halijazama, mama mmoja alikuja kwenye ua wa nyumba za walimu. Jina lake Chanda. Anauza munkoyo sokoni, kile kinywaji cha mahindi ambacho Yuma alikisifu kuliko chai, na mtoto wake Constantin yuko darasani kwangu. Kaka yake mama huyu aliondoka asubuhi moja wakati wa vita kwenda kazini na hajaonekana mpaka leo. Habari hiyo naijua sasa, siku ile sikuijua wala sikuuliza. Alipiga magoti kidogo kama wanavyofanya hapa mbele ya mtu wanayemheshimu, akasema taratibu, "Mwalimu, Constantin anasema lundi mutatumbula muntu. Ni muntu gani?"

Nilicheka. Nilimjibu kwa Kifaransa, lugha asiyoijua, sentensi mbili tatu za kitabuni kuhusu elimu na ushenzi. Kisha nikamwambia kwa Kiswahili arudi kwenye munkoyo wake na shule awaachie wenye shule. Aliondoka, nami nikarudi ndani nikiwa nimeridhika. Maneno matano yalitosha: ni mtu wa karatasi, mama. Nimeyahesabu mara nyingi, na kila mara ni matano.

Jumamosi gari la shule lilikuwa limekwenda kuchukua saruji. Nilimwomba Yuma alete sanduku kutoka stesheni kwa mkokoteni wa mwajiri wake. Alikubali mara moja, akasema naye ana hamu ya kumwona huyo mbuzi wa Ulaya. Alitoka machinjioni moja kwa moja, hakupata nafasi ya kubadili nguo, kwa hiyo alipita mjini akiwa na ile aproni yake na damu mpaka kwenye viwiko. Mimi nilitoka kumlaki kwenye mwisho wa soko.

Sasa nakuandikia yale ambayo mwezi wa tano niliyapindua. Nilikuambia nilikuwa shuleni, nikaletewa habari. Sikuwa shuleni. Nilikuwa karibu naye kama ilivyo kutoka mlango wako mpaka kisimani.

Wanawake wa soko walikuwa wamemzuia. Habari za darasani zilikuwa zimelala katika nyumba zote za mtaa ule usiku kucha, na asubuhi walikuwa wanamngoja mtu wa treni. Wakamwuliza, "Mu sanduku muko nini?" Yuma hakujua lolote. Mimi sikumwambia niliyoyasema darasani, wala kwamba Chanda alikuja. Unajua mzaha ulivyokuwa haumtoki mdomoni. Akawajibu, "Muko muntu ya Mwalimu. Analala. Musimwamushe."

Hawakucheka. Wanaume wawili walishika mbao za sanduku wakazivuta, majani makavu yakamwagika, na mbele ya watu wote alilala mtu asiye na mikono wala miguu, uso umechunwa nusu, na aliyemleta amesimama hapo na damu mikononi. Mwanamke mmoja alipiga yowe. Mwingine alianza kutapika, akisema amekula nyama ya mtu huyu tangu Pasaka, akimaanisha nyama ambayo Yuma alimwuzia. Watu walikuja kutoka kila upande. Wengine walikuwa na fimbo, na wauza kuni walikuwa karibu.

Yuma aliniona. Uso wake ulifunguka, yaya, kama mtu anayemwona ndugu yake stesheni. Akaanza kuinua mkono.

Chanda aligeuka akaona anatazama wapi, naye akanijua. Akaniuliza, na nakumbuka kwamba wengine walinyamaza ili wasikie, "Mwalimu, uyu muntu unamujua? Ni ndugu yako?"

Wangenisikiliza. Hilo nataka wazee walijue vizuri, wasije wakanihurumia. Nilikuwa nimevaa shati jeupe na tai, watoto wao wananiita Mwalimu. Ningeenda hatua kumi, ningemfungua yule mtu wa karatasi kifua, ningeutoa moyo wake na kuwapa wabonyeze kwa vidole. Ndiyo kazi yangu, nalipwa kwa kuifanya. Lakini niliziona fimbo. Nikaona pia kwamba nikisema ndiyo, Padri atajua, mji wote utajua, kwamba Godefroid ni Mungwana na shemeji yake ni Mungwana mwenye damu mikononi. Nikasema, "Simujue. Miye ni muntu wa misheni. Uyu ni Mungwana tu."

Wakamgeukia Yuma. Mwanaume mmoja alimshika shingo akamwuliza kama ni mimi niliyemtuma. Yuma alinitazama. Alikuwa na nafasi ya kuniita jina langu la nyumbani, la baba yetu, la kwako, na mimi ningebanwa. Akasema, "Mwalimu hanijue. Na miye simujue. Walinipa tu kazi ya kubeba."

Nimemjua Yuma miaka ishirini, na huo ndio uwongo pekee niliousikia kutoka kinywani mwake.

Nikaondoka. Sikukimbia, nilitembea kama mwalimu anayerudi nyumbani kusahihisha madaftari. Sitakuandikia niliyoyasikia nyuma yangu. Polisi walifika mambo yamekwisha. Wanaume kumi na mmoja walikamatwa, wawili bado wamefungwa, na wanawake hawakuulizwa kitu.

Komisari aliniita kwa sababu sanduku lilikuwa na jina la shule. Nilitia sahihi karatasi inayosema kwamba marehemu ni mpagazi nisiyemjua. Padri, aliyemkumbuka kama mchinjaji wa soko tu, aliniuliza kama maskini yule alikuwa na jamaa wa kupelekewa habari, nikamjibu sidhani. Yule mtu wa karatasi aliokotwa, akagundishwa, akasimamishwa darasani. Ini lake lilikanyagwa likapotea, na Padri ameandika Ulaya walete jingine. Mpaka leo nafundisha naye kila Alhamisi. Nikifika kwenye ini nachora ubaoni.

Katika barua ya kwanza nilikuambia kwamba nilimwosha Yuma kwa mikono yangu, kwamba sanda ilikuwa nyeupe na watu wa msikiti walijaa mpaka nje. Sikumwosha. Hakuna aliyemwosha. Watu wa msikiti walikwenda wenyewe kuomba maiti yake, wakaambiwa atatolewa kwa ndugu atakayetia sahihi. Walizunguka siku mbili katika mitaa yote wakimtafuta ndugu wa Yuma. Walipita mbele ya dirisha langu. Siku ya tatu wafungwa walimzika pembeni mwa makaburi, na nguo zile zile, bila mtu wa kumwelekeza kibla.

Nilikwenda huko juzi, baada ya kuisoma barua yako. Mlinzi aliniambia wiki ile walizikwa watatu wasio na watu, kila mmoja na kijiti chenye namba, na vijiti vimeliwa na mchwa. Hajui yupi ni yupi. Nilisoma Fatiha kwenye makaburi yote matatu. Ilikuwa ni zaidi ya miaka tisa tangu niisome, kwenye kaburi la kwanza nilikwama katikati na ikanibidi nianze tena. Nililia, na sikulia kwa ajili yake tu, nilijililia na mimi, na hilo linanitia aibu zaidi.

Limebaki jambo moja. Mtu wa karatasi aliporudi darasani, Constantin alimshika kwa mikono yake, na jioni akamwambia mama yake kwamba ni karatasi na gundi. Kesho yake Chanda alikuja tena kwenye ua. Safari hii hakupiga magoti, alisimama ameshika nguzo. Aliniuliza, "Mwalimu, ule muntu alikuwa na bibi?" Nikasema sijui. Amerudi mara tatu tangu wakati huo kuuliza swali hilo hilo, na mara zote tatu nimesema sijui.

Jana nilimfuata sokoni. Nikamwambia, alikuwa na mke, anaitwa Rabia, ni dada yangu wa tumbo moja. Aliweka upawa chini akakaa kwenye gunia. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi, hata kwa kipigo. Yeye alifukuza wateja wawili kwa mkono, halafu akaniuliza kama dada yangu anajua ni nani waliompiga mumewe. Nikamweleza yanayokupata huko, na sharti la wazee kwamba aandike mtu aliyekuwepo. Akasema basi na maneno yake niyatie humo. Nilimwonya kwamba karatasi inaweza kuanguka mikononi mwa polisi, nao bado wanatafuta watu. Akaniambia niandike. Utayakuta chini ya jina langu, alivyoyasema, sikuyasahihisha. Jumatatu nitakwenda kwa Padri, na kutoka kwake kwa Komisari, kufuta kile nilichokitilia sahihi. Sijui watanifanya nini, na wewe usijisumbue nalo.

Wasomee wazee barua hii yote, yaya. Utakapofika mahali niliposema simujue, usipunguze sauti. Na hao wakwe wa Zabibu wakubali kukaa waisikie, ili wajue kwamba baba yake msichana alikuwa mtu wa namna gani, na kwamba doa lililopo katika ukoo huu liko kwa mjomba. Hitima isomwe kwa jina la Yuma bin Ramazani. Jina langu msilitaje siku hiyo.

Nisalimie Mama mkubwa, nisalimie majirani wanaokusalimu bado, na wasiokusalimu waache. Msalimie Zabibu ikiwa ataikubali salamu yangu. Wewe sikuombi unijibu. Mungu akupe nguvu ya mwili na ya miguu, na mvua za mwaka huu zipite juu ya nyumba yako salama.

Mimi mdogo wako,
Abibu bin Sefu

Maneno ya Chanda, na dole gumba lake:

Mama Rabia, jambo. Miye ni Chanda, mama ya Constantin, niko nauzisha munkoyo ku soko ya Kenya. Bwana yako haikuwa mutumbula. Alikuwa anauzisha nyama ya mbuzi, na miye nilikuwa nalipa nyama kwake kila siku ya posho, ananiongezeaka mufupa ya batoto. Ile siku nilimupiga na lukuni, kipande ya kuni, mara mbili, ku mukongo na ku kichwa. Ya ku kichwa ndiyo alianguka. Bale babili balifungwa mu buloko, miye niko inje. Balongo bake, bandugu bake, basome hii. Kama uko na matusi ya kunitukana, tuma mu barua, Mwalimu atanisomea yote, nitasikia mupaka mwisho.